Mrejesho: krimu ya imikwimodi kwa masundosundo (vinyama vya sehemu za siri), wiki 14, nyota tatu na nusu

Wakuu habari. Hii rivyu naiandika kwa sababu kipindi kile natafuta mtu aliyetumia hii dawa anisimulie ukweli sikumpata, kila nilipogusa nakuta ama mtu anauza mizizi yake eti inamaliza kirusi ndani ya siku saba, ama mtu anatisha wenzake kwamba ukishaota vinyama huko chini basi kansa hiyo inakuja. Mi sio daktari, ni mtumiaji tu. Nimegandishwa, nimejipaka, nimenuniwa na mke wangu karibu mwezi mzima, nimepatana naye, na sa hivi nakaa kwenye kiti vizuri bila kuegemea upande mmoja kama mtu aliyeanguka baiskeli.

Vilianza viwili, vidogo, rangi ya ngozi yangu ile ile, haviumi, nikajua ni vipele vya kunyoa. Nikavisahau. Baada ya kama mwezi hivi naoga nikagusa nikasikia pamekwaruza, kuangalia na kioo nakuta viko saba na vitatu vimeshaungana vimekunjamana kama upanga wa jogoo. Hapo ndo nikafanya ujinga wa kwanza, nilikuwa na kile kidawa cha chunjua za vidole, kile chenye asidi, nikasema si chunjua ni chunjua tu, nikapaka. Yani sitaki hata kukumbuka. Ngozi ya huko sio ngozi ya kidole jamani, dawa ya chunjua za mikononi na miguuni isifike huko kabisa, nimeungua wiki nzima natembea kama bata na vinyama vyenyewe viko pale pale vinanicheka.

Zahanati ya kwanza niliyokwenda siitaji jina, ila nyota ni moja na hiyo moja ni ya viti vyao vya kusubiria. Jamaa alinipaka kitu kama siki, akangoja dakika chache, kila palipogeuka peupe akasema hapo napo kuna kinyama, akahesabu mpaka 20, mi natetemeka. Afu akaniandikia kipimo cha kujua kirusi changu ni cha aina gani, eti bila hicho hawezi kuanza tiba. Nilipofika kwa daktari wa ngozi, wa sehemu nyingine, nikamsimulia akatikisa kichwa. Akasema hiyo siki inageuza peupe vitu vingi tu, mkwaruzo, fangasi, hata ngozi iliyochubuliwa na nguo, na mimi nilikuwa nimetoka kuungua na asidi kwa hiyo lazima pawe peupe. Na kipimo cha aina ya kirusi akasema cha nini sasa, masundosundo yanatambulika kwa macho na taa nzuri, na ukishajua aina dawa ni zile zile. Kirusi chenyewe kinaitwa HPV, na aina yake ya 6 na ya 11 peke yake ndo zinasababisha kama asilimia 90 ya masundosundo yote, kwa hiyo hata bila kupima ukibashiri utapata.

Huyu daktari alichosisitiza mno ni damu, nipime kaswende na ukimwi siku ile ile. Nikauliza kwani nimesema nina kaswende? Akanieleza kaswende ikifika hatua ya pili nayo huwa inatoa vinyama laini vilivyo bapa na vyenye majimaji, mtu akivichanganya na masundosundo anaishia kupaka krimu miezi huku kaswende inatembea mwilini, na kaswende yenyewe inatibika kwa sindano. Na mwenye virusi vya ukimwi kinga ikiwa chini masundosundo yanakuwa mengi na magumu kuondoka, kwa hiyo lazima ajue anapigana na nini. Majibu yalitoka safi yote mawili, ila zile dakika za kusubiri namba yangu iitwe nilikumbuka dhambi zangu zote kuanzia shule ya msingi.

Tukaanza na kugandisha. Ile ni naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, anaigusisha kwenye kinyama kwa sekunde kadhaa mpaka kinakuwa cheupe kama barafu. Maumivu yake yapo, kama kubanwa na koleo la baridi halafu linageuka la moto, ila yanaisha. Baadae kinatoka lengelenge, kinakauka, kinadondoka. Nilienda mara tatu, kila baada ya wiki mbili, na vile vikubwa kweli vilikufa. Tatizo ni kwamba pembeni vilichipua vingine vidogo vidogo kama vitano, yani nafukuza huku vinatokea kule. Daktari hakushangaa hata kidogo. Akasema kugandisha kunaua kinyama unachokiona, ila kirusi kiko pia kwenye ngozi ya jirani ambayo kwa macho ni nzima kabisa. Kwa hiyo akanihamishia kwenye krimu, na ndo bidhaa ninayoirivyu hapa, samahani kwa utangulizi mrefu.

Krimu yenyewe ni imikwimodi ya asilimia 5. Inakuja kwenye vipakiti vidogo vya kuchana, kila kimoja cha matumizi ya usiku mmoja. Unapaka usiku ukienda kulala, mara tatu kwa wiki na sio siku zinazofuatana, mi nilichagua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, unapaka kidogo sana unasugua taratibu mpaka weupe wake unapotea, unaosha mikono, unalala, afu asubuhi, ikishakaa masaa 6 mpaka 10, unaosha pale kwa sabuni na maji. Hufungi bandeji wala hubani na chupi ngumu. Mwisho wake ni wiki 16, ikifika hapo bado vipo unarudi kwa daktari mkajipange upya, hujiongezei mwenyewe. Ukisahau siku, endelea na ratiba tu, usipake mara mbili kufidia, mi nilijaribu kufidia mara moja na ngozi ikanijibu.

Cha kuelewa, na hapa ndo watu wengi wanaitupa dawa, hii krimu haiui kirusi na wala haichomi kinyama. Kazi yake ni kuamsha kinga za mwili wako pale pale ulipopaka, ni kama mtu anapiga yowe usiku mtaa uamke, mwizi anakamatwa na majirani sio na mpiga yowe. Ndo maana wiki tatu za kwanza hakuna kitu. Hakuna. Nilikuwa naamka naangalia na kioo kama mtu anayesubiri mbegu iote, vinyama viko vimetulia, nikaanza kusema nimepewa losheni. Wiki ya tano pakaanza kuwa pekundu na kuwasha. Wiki ya sita pakachubuka, vidonda vidogo kabisa, na siku mbili nilikuwa na homa na mwili unauma kama nina mafua makali. Nikampigia daktari nikamwambia dawa imenidhuru, akauliza vidonda viko wapi, nikasema palipo vinyama, akasema basi hiyo ndo dawa inafanya kazi, pumzika siku kadhaa pakikauka uendelee. Nikapumzika siku sita. Jamani wekundu ule ni dalili ya kinga kuamka, ila kuna wekundu na wekundu, ukivimba mpaka mkojo unapita kwa shida au kidonda kinakuwa kikubwa usijifanye shujaa, acha upige simu.

Wiki ya tisa kile kikubwa kilichobaki kilikuwa bapa. Wiki ya kumi na moja sikukiona. Wiki ya kumi na nne daktari akapitisha taa yake akasema pasafi, acha. Pamebaki alama mbili nyeupe kidogo, ngozi imepoteza rangi pale, na niliambiwa mapema kwamba inaweza kutokea na wakati mwingine hairudi. Mi sijali, nani anaangalia. Mke wangu ameangalia akasema zinafanana na ramani.

Kuhusu mke wangu sasa, maana bila hii sehemu rivyu haijakamilika. Nilimwambia siku ile ile nimetoka kwa daktari wa ngozi, nikajua nafanya la maana. Akaniuliza swali moja tu, umeitoa wapi. Nikasema sijui. Na kweli sijui, ila "sijui" ya mwanaume mwenye masundosundo nani ataiamini? Akaenda kupima mwenyewe, kile kipimo cha HPV cha wanawake kinachochukuliwa kwa kijiti kwenye shingo ya kizazi, majibu yakatoka hana kirusi. Akarudi nayo ile karatasi akaiweka mezani mbele yangu hajasema neno. Yani nilihukumiwa kwa karatasi. Wiki tatu nalala nimegeukia ukutani na krimu yangu.

Kilichotuokoa ni nesi mmoja mtu mzima wa pale kwenye kliniki ya akina mama, mke wangu alipoenda kuuliza jambo jingine akamtajia. Huyo mama akamwambia, "Mwanangu, hicho kipimo hakikutafuta kirusi cha mumeo." Kumbe kile kipimo cha uchunguzi wa saratani kinatafuta zile aina za hatari tu, 16, 18 na wenzao zinazoleta saratani ya shingo ya kizazi, aina ya 6 na ya 11 za masundosundo hakizitafuti kabisa. Kwa hiyo jibu lake lilikuwa zuri na lilikuwa la kweli, ila lilijibu swali lingine. Anaweza kuwa nazo, anaweza kuwa alishakuwa nazo mwili ukazizima, anaweza asiwe nazo, karatasi ile haisemi. Na kirusi chenyewe kinaweza kukaa kwenye ngozi wiki kadhaa, miezi, hata miaka kabla hakijatoa kinyama, na wengi hawatoi kinyama maisha yao yote ila wanaambukiza. Sasa hapo utamhesabia nani tarehe? Inaweza ikawa mimi nililetea nyumba, inaweza ikawa ilikuwepo kwa mmoja wetu tangu kabla hatujafahamiana. Mke wangu alikuja akaniambia hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, afu akamaliza, "Kwa hiyo sikusamehi, ila sina ushahidi." Nikasema asante.

Kuna watu watasema hapa nawatetea wanaume wanaochepuka. Hapana bana. Nasema tu hakuna krimu wala kipimo kinachojibu "nani", wanaotaka jibu hilo waongee midomo kwa midomo, wasitume maabara.

Huyo nesi alimwambia jambo jingine ambalo mi nilikuwa sijalifikiria. Kwamba mtu kuwa na masundosundo haina maana ana aina moja tu ya kirusi. Aina za HPV ziko zaidi ya 200, kama 40 hivi zinapenda sehemu za siri, na zinaambukizwa kwa njia ile ile, ngozi kwa ngozi, kwa hiyo mtu mwenye 6 anaweza kubeba na 16 kimya kimya bila kinyama chochote. Kinyama hakigeuki kansa hivi hivi kama wanavyotishana, 6 na 11 ni za hatari ndogo, ila mwanamke mwenye masundosundo au mwenye mume wa masundosundo aendelee na uchunguzi wake wa shingo ya kizazi kwa ratiba ile ile ya kawaida, asiuruke kwa kudhani vinyama vimeisha na kila kitu kimeisha, na wala asikimbilie kupima kila mwezi kwa uoga. Mke wangu kaandika tarehe yake inayofuata kwenye kalenda kwa peni nyekundu.

Nikaja kusoma soma, nikakuta kitu kilinichekesha. Yule mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aliyepata Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha kwamba HPV ndo inaleta saratani ya shingo ya kizazi, yeye na wenzake walianza kuchokonoa kwenye masundosundo haya haya yetu. Wakakipata kirusi aina ya 6, baadaye ya 11 kwenye vinyama vya kooni, na hawakuona kwamba ndo cha saratani wanachokitafuta, ila kwa kufuata njia hiyo hiyo wakaja kuipata aina ya 16 mwaka 1983 na ya 18 mwaka uliofuata, na hizo mbili ndo zinahusika na kama asilimia 70 ya saratani hiyo. Kwa hiyo vile vitu ninavyovionea aibu kumbe ndo vilivyofungua mlango. Nilimsomea mke wangu, akasema hongera.

Turudi kwenye bidhaa, mabaya yake. Kipakiti ni kikubwa kuliko mahitaji, kwa vinyama vitano unatumia labda robo na inayobaki unatakiwa utupe, roho inauma. Maelezo yaliyomo ndani ya boksi yana maandishi madogo kama sisimizi, mstari unaosema krimu inaweza kudhoofisha kondomu nimeuona wiki ya saba, na huo mstari ulitakiwa uwe juu kwa herufi kubwa kabisa. Usifanye tendo krimu ikiwa imekaa kwenye ngozi, osha kwanza, na kusema kweli wakati vinyama bado vipo bora utulie tu. Kondomu yenyewe inapunguza maambukizi ila haimalizi, maana kirusi kinakaa mpaka pale ambapo kondomu haifiki, na hilo hakuna aliyewahi kuniambia, mi nilijua ukivaa umemaliza.

Jingine, kwa wanaume dawa ni ya kubahatisha kidogo kuliko kwa wanawake. Kwenye majaribio yake ya mwanzo karibu nusu ya waliotumia walipona vyote, ila ukigawa unakuta wanawake ni kama saba kati ya kumi na wanaume ni kama theluthi moja tu. Daktari aliniambia mapema, nikakubali. Wewe usipoambiwa, utadhani umepaka vibaya.

Mshkaji wangu mmoja, nilimfungulia moyo naye akanifungulia wake, yeye alitumia ile nyingine ya majimaji, podofilotoksini. Hiyo unapaka mara mbili kwa siku siku tatu mfululizo, unapumzika siku nne, unarudia, mpaka mizunguko minne. Yake inaua seli za kinyama moja kwa moja kwa hiyo aliona matokeo wiki ya pili tu, akawa ananicheka na kioo changu. Sema inataka mkono uliotulia, unagusa kinyama peke yake kwa kijiti, ikimwagikia ngozi nzima utajuta, na mjamzito haitumii kabisa. Mjamzito kwa ujumla asijitibu nyumbani, akagandishwe na watu wanaojua. Ningekuwa na vinyama vichache vilivyo sehemu ninayoiona vizuri ningeanza na hiyo. Vyangu vingine vilikuwa sehemu ya kuviona mpaka ujikunje kama mwanasarakasi, kwa hiyo krimu ilinifaa zaidi.

Wanaoniuliza kuhusu chanjo, nimeuliza kwa niaba yenu. Haitibu kinyama ulicho nacho. Inakinga aina ambazo bado hazijakupata, ndo maana inalengwa zaidi mabinti wa miaka 9 mpaka 14, kabla mambo hayajaanza, na nchi nyingine wavulana pia. Sema chanjo sio moja, Gardasil ya mwaka 2006 ilikuwa na 6, 11, 16 na 18, iliyokuja 2014 ina aina tisa na hizo nne zimo, ila kuna nyingine ina 16 na 18 tu, inakinga saratani vizuri sana ila masundosundo haihusiki nayo, kwa hiyo uliza ni ipi. Australia walianza kuwachanja mabinti kitaifa mwaka 2007 na kliniki zao zikaanza kuona mabinti wenye masundosundo wanapungua kwa kasi, na wavulana nao wakapungua kabla hata hawajaanza kuchanjwa. Binti yetu ana miaka kumi. Kwenye hilo mimi na mama yake hatukubishana hata dakika moja.

Nyota sasa. Krimu tatu na nusu. Nimekata moja kwa zile wiki za vidonda, na nusu kwa yale maandishi ya sisimizi. Kugandishwa nyota tatu, haraka lakini vinarudi. Daktari wa ngozi tano. Mama nesi, kama kungekuwa na nyota ya sita ningempa.

Nimeambiwa miezi mitatu ya kwanza ndo vinapenda kurudi zaidi, kwa sababu vinyama vimeondoka ila kirusi kinaweza kuwa bado kimelala kwenye ngozi, kwa watu wengi mwili unakizima wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Leo ni wiki ya tisa tangu niache kupaka. Vipakiti viwili vimebaki kwenye kabati, kioo nimekirudisha bafuni, na juzi Ijumaa usiku mke wangu aliniuliza mbona sijaenda kujipaka, nikamwambia niliacha kama miezi miwili iliyopita mama, akasema kumbe, akazima taa.